Saa Tano na Nusu kutoka Maskati

Nduguti, Mkalama
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwa Isaka,

Sianzi na habari za afya maana hapa hakuna afya. Babu yako Nathanaeli amekufa jana Jumamosi saa nne asubuhi, kitandani kwake, mimi nikiwa nimemshikia kikombe. Yuko mochwari. Lia kwanza, ukimaliza uendelee kusoma, kwa sababu yanayofuata yanataka mtu mwenye macho makavu.

Usinipigie simu. Unayajua masikio yangu, mtu akiongea kwenye simu mimi nasikia nyuki. Andika. Nilisoma kisomo cha watu wazima miezi tisa, naandika vizuri kuliko hao wanaonicheka. Barua hii Sixbert wa steshenari ataipiga picha akutumie kwenye simu yako, na wewe ukijibu ataichapa aniletee. Na wewe Sixbert, najua unasoma hapa. Ukitoa neno nje nitakuja dukani kwako wateja wakiwepo.

Enock, mdogo wake babu yako, alitaka tuzike leo leo. Jana jioni, maiti haijapoa, nilimwona kwenye shamba la alizeti la juu anapiga hatua, moja, mbili, tatu, kama mtu anayepima uwanja wa mpira. Aliponiona akajifanya anatafuta mbuzi. Enock hana mbuzi.

Unaujua utaratibu wa ukoo huu. Udongo wa kwanza anatupa mtoto wa nyumba ile. Kaburi likishafunikwa watu hawatawanyiki. Ukoo unakaa palepale kwenye mikeka, unamtaja msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa, karatasi inakwenda Mahakama ya Mwanzo. Baba yako Simeoni ndiye tuliyemzaa, hatukujaliwa mwingine, naye hayupo. Umebaki wewe. Usipokuwepo udongo atatupa Enock, na anayetupa udongo ndiye anayetajwa. Nyumba yake, mashamba yake. Mimi wataniambia, mama, tutakutunza. Nimeshawaona wajane waliotunzwa. Wanalala jikoni kwa watu.

Basi nikasimama kikaoni nikasema hazikwi mtu hapa mpaka mjukuu wake aje. Enock akauliza, atakuja lini? Nikamwita Sixbert akaangalia kwenye simu mbele ya wote. Toka uwanja wa ndege wa Dar mpaka wa Dodoma, kwa angani, ni kilomita mia nne kasoro, ndege inatumia saa moja. Nikapiga hesabu kwa vidole. Saa moja ya ndege. Saa sita za gari toka Dodoma mpaka hapa. Weka saa mbili za kuzubaa maana nakujua. Jumla saa tisa. Nikawatangazia kwamba Isaka anafanya kazi hukohuko uwanja wa ndege, ndege anazipita kama sisi tunavyopita kuku. Jumanne jioni atakuwa hapa, Jumatano saa nane mchana tunazika. Wameandika. Mchungaji Innocent naye ameandika.

Nimesema mbele ya watu, Isaka. Usinifanye mwongo.

Bibi yako,
Dorkas


Jumatatu, 15 Julai 2024

Bibi, shikamoo.

Nimelia kama ulivyosema. Nilikwenda nyuma ya mikokoteni ya mizigo nikalia huko mpaka mwenzangu akaja kuniuliza kama nimebanwa kidole. Pole sana bibi. Pole kwa kumuuguza peke yako.

Nina ombi moja. Naomba mazishi yasogezwe mpaka Jumamosi. Kazini ruhusa ina utaratibu wake, msimamizi wa zamu bado hajasaini, na ndege za wiki hii zimejaa. Jumamosi nitakuwa nimefika bila shaka. Mwambie babu mdogo Enock kwamba nimeomba mimi mwenyewe, kwa heshima.

Babu alisema nini mwishoni? Aliniulizia?

Jikaze, mke wangu.

Mjukuu wako,
Isaka


Nduguti
Jumatatu, 15 Julai, mchana

Isaka,

Usiniite mke wangu wiki hii. Mume wangu yuko kwenye jokofu.

Jumamosi! Mimi nimewapa watu saa tisa, wewe unanipa siku tano. Mwalimu Laurian mstaafu amekaa hapa msibani, anasema ndege za Dodoma zipo asubuhi, zipo mchana, zipo jioni. Zote zimejaa? Kuna nini Dodoma kinachogawiwa? Haya, zimejaa, panda basi. Linatoka Dar alfajiri, jioni liko Singida. Kina mama wenye vikapu vya vifaranga wanafika nalo, na vifaranga wanafika wazima. Mtu wa Dar hahitaji siku tano kufika kwao. Mtu wa siku tano anatoka mahali pengine.

Na barua yako ina tarehe, haina mahali. Kisomoni tulifundishwa juu kabisa unaandika mahali, halafu tarehe, halafu salamu. Mimi wa miezi tisa nalijua hilo, wewe wa kidato cha nne umesahau?

Sikiliza vizuri. Kwetu kaburi likichimbwa halilali tupu. Linachimbwa asubuhi, linafukiwa kabla jua halijazama. Kwa hiyo usifikiri Jumatano nikiona hujafika nitawaambia ngojeni kidogo mpaka kesho. Sururu ikigonga mara ya kwanza, basi, siku imekatwa. Enock analijua hilo kuliko mchungaji. Leo ameazima sururu mbili, ameziegemeza ukutani kwangu, hapo mlangoni ninapopitia. Nikienda chooni nazipita. Nikirudi nazipita.

Kikaoni alicheka. Alisema, "Shemeji, huyo mjukuu wako anakuja kwa ndege au kwa kobe?" Watu wakacheka kwenye msiba wa mume wangu.

Babu alisema nini tutaongea ukifika. Sasa nijibu neno moja. Uko wapi?

Dorkas


Maskati, Omani
Jumatatu, 15 Julai 2024, jioni

Bibi, shikamoo.

Mahali nimepaandika hapo juu. Sasa unajua.

Niko huku mwaka wa pili. Namba ya simu niliyonayo ni ileile ya nyumbani, ndiyo maana Sixbert hakugundua. Niliwaambia nafanya kazi uwanja wa ndege na ni kweli. Hamkuuliza upi, nami nikashukuru kwamba hamkuuliza.

Unajua kwa nini sikusema. Baba alipofia machimboni Msumbiji tulimngoja siku kumi na moja, na siku tuliyomzika babu alisema hakuna mtu wa nyumba hii atakayekwenda tena mahali ambapo yeye hawezi kupanda basi akamfuata. Nilikuwa na miaka tisa lakini nilisikia. Nilipopata kazi huku nilisema nitamwambia nikifika. Nilipofika nikasema nitamwambia nikirudi.

Bibi, kila siku napakia mizigo ya ndege ya Dar. Naishika kwa mikono hii. Mabegi ya Magomeni, ya Tabora, siku moja boksi limeandikwa Mandewa, Singida, kwa kalamu nene. Nililiweka taratibu kama mtoto. Mlango wa tumbo la ndege unafungwa, inaondoka, mimi nabaki chini na glavu zangu.

Kutoka huku mpaka Dar kwa angani ni kama kilomita elfu nne. Haitui popote. Saa tano na nusu tu. Ni muda mdogo kuliko basi la kutoka kwetu kwenda Dar, ndiyo maana nilikuwa najidanganya kwamba sijaenda mbali.

Pasipoti yangu inakaa ofisini kwa waajiri, mpaka msimamizi wa zamu asaini ndipo naipata. Ameahidi kesho. Ndege yenye nafasi ni ya Jumatano saa tatu asubuhi ya huku, kwenu inakuwa saa mbili, kwa sababu saa za huku ziko mbele kwa saa moja. Saa saba na nusu mchana natua Dar. Saa kumi kuna ndege ya Dodoma, saa kumi na moja natua, nakodi gari. Saa tano usiku niko mlangoni kwako.

Naomba Alhamisi bibi. Siku moja. Na nakuomba usiwaambie niko wapi. Babu Enock atasema nimevunja neno la marehemu, atasema sistahili kushika udongo wake.

Hukunijibu. Babu aliniulizia?

Isaka


Nduguti
Jumanne, 16 Julai 2024

Wewe Isaka,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Miaka miwili! Ndege ikipita juu hapa jioni babu yako alikuwa anatoka nje na fimbo yake anasema hiyo Isaka ameifungulia. Kila jioni. Hata zilizokuwa zinakwenda Mwanza. Hatukuuliza uwanja upi kwa sababu mjukuu haulizwi kama mwizi. Ningejua ningeuliza na rangi ya mlango.

Na umenitia mimi kwenye uongo. Mimi, Dorkas, mzee wa kanisa miaka kumi na nane. Umesema nisiwaambie, sikuwaambia. Leo asubuhi nimesimama mbele ya ukoo nikasema ndege ya Dar imepasuka tairi, tuzike Alhamisi. Enock hakubisha. Akatoa simu, akampigia mwanawe Paschal aliyeko Dodoma, akaweka sauti kubwa wote wasikie, hata mimi nilisikia. Paschal akasema ndege imetua asubuhi hii, ameiona kwa macho yake, na matairi inayo. Watu wakaangalia chini. Enock peke yake ndiye hakuangalia chini.

Basi imebaki Jumatano. Kesho. Sururu saa moja asubuhi, kuzika saa nane mchana. Saa nane hiyo wewe, kwa hesabu yako mwenyewe, utakuwa Dar unatafuta begi lako.

Umeuliza mara mbili babu alisema nini. Haya, chukua. Alisema alizeti imeanikwa vibaya, kuku wataimaliza. Nikampa maji, akanywa, akafa. Hakukutaja. Na mimi hakunitaja, niliyelala naye miaka hamsini na mbili. Watu hawafi kama kwenye mchezo wa redio. Hilo usije nalo kwenye ndege, ni mzigo wa bure.

Wewe panda tu. Kaburi la mume wangu na nyumba yangu niachie mimi. Sijui nitafanya nini, lakini panda.

Dorkas


Uwanja wa ndege, Maskati
Jumatano, 17 Julai 2024, saa moja na nusu asubuhi ya kwenu

Bibi, shikamoo.

Pasipoti ninayo. Msimamizi alisaini jana usiku kwa shingo upande, siku saba, siku ya nane nisipoonekana nafasi yangu ina mtu. Nimekaa upande wa abiria. Sijawahi kukaa upande huu. Kwenye kioo nawaona wenzangu wanapakia, wananipungia glavu.

Tumeambiwa ndege itachelewa. Hawajasema kiasi gani. Kuna kitu wanakiangalia chini ya bawa, na mimi ninayewajua mafundi hao kwa majina naona nyuso zao haziko sawa.

Nikiwa angani simu itakuwa imezimwa. Ukiandika sitaona mpaka nitue. Bibi, wakianza kuchimba waombe. Piga hata magoti.

Isaka


Nduguti, ndani ya kaburi
Jumatano, 17 Julai 2024, saa tisa alasiri

Isaka,

Mimi sipigi magoti kwa Enock. Nimekaa.

Walianza kuchimba saa moja kamili. Ardhi ya mwezi huu unaijua, sururu zilikuwa zinatoa cheche. Saa sita walikuwa wamemaliza, jeneza likaja, mchungaji akafungua kitabu chake. Nikawaambia ngojeni nimtengenezee mume wangu kitanda. Nikateremka kwa ile ngazi ya tangi la maji na kanga mbili na daftari, nikatandika, nikakaa, nikamwambia Sixbert avute ngazi juu. Akavuta. Mtoto yule ana akili, hata kama anasoma barua za watu.

Enock akaja ukingoni. "Shemeji, unafanya nini humo?"

"Nimekaa."

"Hebu toka."

"Njoo unitoe."

Hawezi. Mjane aliyefungwa kitambaa cha msiba haguswi na mwanamume yeyote mpaka kaburi lifunikwe. Akawageukia wanawake. Isaka, ungewaona wanawake. Kila mmoja ghafla ana sufuria linaungua.

"Utazikwa hai kwa ajili ya mtu aliyepasukiwa na tairi la uongo?"

Hapo nikaona nisife nalo. Nikawaambia wote, hukuhuku chini, kwa sauti yangu yote. Tairi halikupasuka. Nilidanganya. Mjukuu wangu yuko Maskati, alikwenda bila kumwambia babu yake, kilomita elfu nne, na saa hii yuko angani anakuja. Nikasikia minong'ono juu kama mvua kwenye bati.

Enock akasema, "Kumbe nyumba nzima ni ya waongo."

"Ni kweli. Lakini mmoja yuko njiani."

"Shemeji, kaburi halilali tupu. Unajua."

"Hesabu waliomo."

Mchungaji Innocent alijifanya anakohoa. Wazee wamekwenda pembeni kwenye ile miti ya mnyaa, wamekaa, wamerudi. Hiki ndicho walichosema. Jeneza limerudishwa ndani. Kesho Alhamisi saa nne asubuhi linazikwa, uwe umefika au hujafika, na hakuna mwingine wa kukaa humu kwa zamu. Nikitoka kabla, hata kwa dakika, wanazika saa hiyohiyo na Enock anatupa udongo. Nimekubali. Wakanipa godoro na kopo.

Sasa nieleze wewe. Ulisema saa saba na nusu utakuwa Dar. Saa saba na nusu nilimwambia Sixbert aangalie simu. Akasema hakuna kitu. Saa nane hakuna. Sasa ni saa tisa, hakuna. Enock kila saa ikipita anachungulia. Naona pua peke yake.

Huku chini kuna baridi na udongo unadondoka kwenye karatasi. Sixbert ananing'inizia simu kwa kamba ipige picha. Kama ndege ile imeanguka, sijui ni nani ataniandikia.

Andika.

Dorkas


Dar es Salaam, kituo cha mabasi
Jumatano, 17 Julai, saa kumi na moja jioni

Bibi, nipo. Nipo hai.

Ndege ilichelewa kuondoka saa mbili nzima. Nimetua saa tisa na nusu. Nikawasha simu nikiwa kwenye foleni ya pasipoti na barua yako ikaingia, na askari akaniuliza kwa nini nacheka huku nalia.

Foleni imenila. Nimefika dirishani kwa ndege ya Dodoma wakati wameshafunga mlango. Nyingine ni kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Nikiingoja, nitafika Nduguti saa saba na nusu mchana na nyinyi mnazika saa nne. Nimepiga hesabu mara tatu. Napanda basi la usiku, linatoka saa kumi na mbili jioni. Likienda vizuri, saa kumi na mbili alfajiri liko Singida, saa tatu niko kwako.

Kilomita elfu nne nimezimaliza kwa saa tano na nusu. Hizi mia nane zilizobaki ndizo zinaniogopesha.

Jifunike bibi. Tafadhali.

Isaka


Mkiwa
Alhamisi, 18 Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri

Bibi,

Hili ni kweli, na najua hutaamini. Basi limepasuka tairi. La akiba halina upepo. Kondakta amekwenda kumwamsha mwenye pampu.

Nimesimama barabarani na begi. Lori lolote linalokwenda Singida napanda. Kutoka Singida nitapata gari la Iguguno, kutoka Iguguno bodaboda. Huenda ikawa saa nne. Huenda ikapita.

Mwambie babu mdogo Enock namwomba. Sina la kumpa, namwomba tu. Ikipita saa nne, bibi, toka. Nyumba tutaitafuta nyingine. Toka.

Isaka


Nduguti
Jumapili, 11 Agosti 2024

Kwa Isaka, Maskati,

Nimepata barua yako kwamba umefika salama na nafasi yako hawakumpa mtu. Vizuri. Kifua changu kinaendelea, kikohozi cha lile godoro kimepungua, lakini mguu wa kushoto bado unauliza maswali.

Kuna jambo hulijui na sikukuambia ulipokuwa hapa kwa sababu Enock alikuwa anaingia na kutoka. Ulifika saa nne na dakika arobaini. Umepakwa vumbi kichwani mpaka kwenye kope, ukawakuta vijana wamo kaburini wanachimba, mimi niko juu kwenye kiti, jeneza liko pembeni, ukaanguka chini ukishukuru kwamba umewahi. Hukuwahi, Isaka. Ulichelewa dakika arobaini.

Usiku ule nilijua wataniacha peke yangu. Enock akaja na blanketi na chupa ya chai, akakaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Nikamwambia, umekuja kunilinda nisitoroke? Akasema, nimekuja kukaa na kaka yangu, wewe umo tu. Tukagombana mpaka nikachoka kuangalia juu. Nikamwuliza kuhusu zile hatua zake kwenye shamba. Hakukataa. Alisema, "Nililitaka, shemeji. Lile shamba nililitaka tangu baba amgawie yeye. Sasa amekufa nalitaka bado, na naona aibu." Nikamwambia aibu ni ya kwako, shamba ni la kwangu. Akacheka. Halafu akalia, mzee mzima, pua inamdondokea, akasema tangu Jumamosi hajalia kwa sababu kila akianza nakuwa nimeshamgombeza. Nilimwacha alie. Ningemwambia nini, na mimi nimo shimoni?

Asubuhi Sixbert akaniteremshia barua yako ya Mkiwa. Nikaisoma kwa sauti. Enock akasikia lile neno la tairi, akafumba macho.

Saa nne kamili wakaleta ngazi. Nilitoka mwenyewe, nilikuwa nimetoa neno langu. Mchungaji akasimama, wabebaji wakaliinua jeneza. Enock akasema, "Ngojeni." Akachukua kamba, akapima jeneza, akateremka akapima kaburi, akapanda akasema kaburi ni fupi kwa shubiri moja, wachimbe tena. Fundi aliyetengeneza jeneza akasema hapana mzee, nimepima mimi, linaingia. Enock akamwambia nyamaza, kaka yangu alikuwa mrefu. Wakachimba. Wakamaliza, akapima tena, akasema sasa upana. Mwalimu Laurian akaangalia saa yake akaniangalia mimi. Mchungaji akaanzisha wimbo, ulipoisha Enock akasema uimbwe tena, wanaochimba hawakuusikia vizuri. Hivyo ndivyo dakika arobaini zilivyopatikana. Kaburi la babu yako ni pana, angeweza kugeuka akichoka.

Kwa hiyo siku ile kwenye mikeka, uliposimama ukasema mbele ya ukoo kwamba ulivunja neno la marehemu na hustahili kutajwa, na msimamizi awe mimi, na wote wakamgeukia Enock, wewe ulimsikia mzee anasema tu "Aandikwe." Ulifikiri ni maneno yako yamemlainisha. Maneno yako yalikuwa mazuri, sikatai, lakini kazi ilikuwa imeshafanyika. Na usifikiri amekuwa malaika. Juzi ameomba kulima bonde la chini. Nimempa msimu mmoja. Mmoja.

Mahakamani karatasi imepita. Nyumba ni yangu, nalala chumbani kwangu, na anayetaka kunitunza anitunze kwa mbali.

Sasa sikiliza, hiki ndicho nilichokuandikia. Nimewaambia Enock na mchungaji na nimewafanya waandike. Dorkas akifa asubuhi azikwe jioni. Hakuna mochwari, hakuna kungoja mtu, hakuna kupiga hesabu za ndege. Udongo atupe yeyote mwenye mikono. Kwa hiyo nikifa usihangaike kusainiwa ruhusa. Sitaki ukimbie na bodaboda kuja kumwangalia mtu asiyejua kama umekuja. Ulimfanyia hivyo babu yako, na wewe mwenyewe uliona, alikusikia?

Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ni karibu, saa tano na nusu, haitui popote. Wakati wa kupanda alizeti mwezi wa kumi na mbili nataka uwe hapa. Sitaki zawadi. Sitaki manukato. Nataka uje nikufokee siku tatu kwa ile miaka miwili, maana mbele ya waombolezaji sikupata nafasi nzuri. Siku ya nne nitakuchinjia jogoo.

Hayo yote anayafanya mtu aliye hai. Mimi niko hai leo. Kata tiketi.

Bibi yako,
Dorkas